Akidi ya Watu Sita

Bi Kijakazi aliikataa chai ya kituoni kwa sababu moja tu: haikupikwa, ilichemshwa. Alilisema hilo akiwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, kanga imemteremka mabegani na macho yamevimba kwa kulia, na bado hakuweza kumvumilia mtu mzima anayemwaga majani kwenye maji ya moto akayaita chai. Inspekta Zuleha Sabiri aliirudisha bilauri kwa askari wa zamu huku akijizuia kucheka. Mwanamke huyu alimpenda tangu alipomtia machoni, na jambo hilo lilimkera, maana mpelelezi akishaanza kumpenda mtuhumiwa huanza pia kumtafutia visingizio.

"Haya, nieleze tena, mama. Anzia kwenye kashata."

"Nimeshaeleza jana, mwanangu. Nimemweleza yule wa kuandika, nikamweleza na mkubwa wake. Wote wananitazama midomo tu."

"Mimi jana sikuwepo. Nieleze mimi."

Akaeleza. Wiki nzima alikuwa akiwapikia wajumbe tisa wa Kamati ya Mageuzi ya Bunge katika nyumba ya wageni ya Bi Sabra, kule Raskazone. Jana Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, aliweka barazani birika la kahawa na sahani ya kashata, akaifunika kawa, akarudi jikoni kuuangalia mkate wake wa kumimina. Mkate haujaiva sawasawa, akasikia watu wanatapika. Wajumbe wanne walibebwa hospitalini, mmoja wao, Mheshimiwa Bertha, akiwa amezirai. Hakufa mtu. Lakini kura iliyokuwa ipigwe asubuhi ile haikupigwa, na kabla ya adhuhuri mpishi alikuwa ndani.

"Kashata za nini?" Zuleha aliuliza.

"Za nazi. Karanga mimi siwapikii watu nisiowajua, hujui zitamdhuru nani. Na hilo nililisema jana. Wakaniambia kashata ni kashata."

 Taarifa ya daktari Zuleha alikuwa ameisoma asubuhi hiyo. Katika matapishi ya wagonjwa wote wanne kulikuwa na karanga zilizosagwa pamoja na mbegu za mbono, ule mti wa sumu wa kupandwa ugo wa nyumba ambao kila mtoto wa pwani hukatazwa kuuchezea. Nazi daktari hakuitaja. Ama Bi Kijakazi alikuwa mwongo hodari, ama kuna mkono mwingine ulioifunua ile kawa.

"Mwanangu," mama alisema, na sauti yake ikapungua, "mimi ndiye mpishi wa harusi Makorora nzima. Wakishanipiga picha kizimbani, hata nikiachiwa kesho, nani atanipa sufuria lake tena?"

Zuleha alimrudishia kanga mabegani, akatoka. Nje, kwenye ukumbi wa kituo, Afande Badru, mkuu wake wa upelelezi, alikuwa na amri tayari. Simu za wakubwa zilikuwa zimemkosesha hata kifungua kinywa, na njaa ilimfanya mfupi wa maneno.

"Kabla watu hawajaingia swala ya Ijumaa, niletee mtu. Usiponiletea, huyu mama saa nane anapelekwa mahakamani. Waandishi wameshaanza kukaa nje."

"Afande, ushahidi wa kumshitaki..."

"Nimesema mtu, Zuleha. Sikusema hoja."

*

Njiani kuelekea Raskazone, Koplo Yona alitaka kueleweshwa. Yona alikuwa Msambaa wa Lushoto, mtu mzima mwenye wajukuu, mpole kama siku ya ubatizo, na siasa alikuwa anazisikia redioni tu, tena akiwa ananyoa ndevu.

"Afande, hii akidi ndiyo nini hasa? Maana naona watu wanatiliana sumu kwa ajili yake."

"Ni idadi ya watu wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe kikao," Zuleha alimjibu. "Ikipungua, mnafunga madaftari mnakwenda nyumbani."

Alimweleza kwa kifupi. Tangu uchaguzi uliopita hapakuwa na chama chenye wingi bungeni. Kila mswada ukiwachukiza watu fulani, hawahangaiki kuushinda kwa kura. Wanasimama, wanatoka, akidi inavunjika, mswada unalala. Fedha za dawa za zahanati zilikuwa zimelala hivyo, na maji ya vijijini, na mishahara ya wauguzi wapya. Ndipo ikaundwa kamati hii ya watu tisa iandike kanuni mpya. Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi: aliyeingia asubuhi ahesabiwe yupo mpaka jioni, hata akitoka kwa kishindo, na mswada wowote upigiwe kura ndani ya siku sitini. Watu waliiita Kanuni ya Jumbe, kwa jina la mbunge mkongwe aliyeibuni. Muda wa kamati ulikuwa unakwisha leo. Isipopigiwa kura leo, imekufa.

"Na hiyo kamati nayo ina akidi yake?"

"Watu sita."

Yona alitafakari mpaka walipoingia getini kwa Bi Sabra. "Kwa hiyo kamati ya kuondoa mkwamo," alisema, "imekwama."

"Ndiyo maana nakupenda, Yona. Unafika polepole, lakini unafika."

*

Mheshimiwa Yasini alikuwa akinywa dafu kwenye bustani, na alionekana amelala vizuri kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Kati ya wajumbe tisa, saba waliiunga mkono kanuni. Yasini na mwenzake mmoja ndio walioipinga, na Jumatano mchana Yasini alitangaza mbele ya waandishi kwamba siku ya kura watatoka ukumbini. Kama kungekuwa na mashindano ya kutafuta mshukiwa, yeye angepewa kikombe bila kukimbia.

"Mkwamo unakufaa, Mheshimiwa," Zuleha alianza.

"Unanifaa sana. Na nimesema hivyo kwa kipaza sauti. Mtu mwenye kipaza sauti sumu anaitakia nini?"

"Kahawa hukunywa."

"Sinywi kahawa. Mwenyekiti Khadija naye hanywi, mbona humfuati?" Aliliweka dafu chini. "Sikiliza, Inspekta. Mtu aliye upande wa wachache ana nini? Hana kura za kutosha. Ana miguu tu. Anaweza kusimama akatoka, na ninyi wengi mkalazimika kumfuata mkamuuliza ana nini. Kanuni hii inamkata miguu. Hiyo ndiyo hoja yangu, unaweza kunifunga kwa hoja hiyo."

Zuleha alikiri moyoni kwamba hoja ilikuwa na uzito, na kwamba hakuwa ameifikiria hivyo. Lakini kuna kitu kilikuwa kimemkwaza tangu asome maelezo ya walioshuhudia.

"Juzi mlitangaza kutoka. Lakini jana gari la wagonjwa lilipofika, wewe na mwenzako mlikuwa mmeketi ukumbini, vitabu wazi mbele yenu. Ilikuwaje?"

Kwa mara ya kwanza Yasini alichagua maneno.

"Jumatano magharibi tulipatana. Tukae, tupige kura ya hapana, tushindwe kiungwana, na maoni yetu yaandikwe ndani ya taarifa."

"Nani walijua?"

"Mimi, mwenyekiti, na Mzee Suleimani Jumbe aliyetukalisha kitako. Mwenzangu mwenyewe nilimwambia tukiwa tumeshaketi. Ningemwambia usiku angenigombeza mpaka alfajiri."

"Mzee Jumbe ndiye aliyewapatanisha?"

"Mwingine nani? Kanuni ni yake. Alitaka ipite bila watu kukimbizana."

Walipokuwa wakirudi barazani Yona alimnong'oneza kwamba Yasini si mtu wao, na kwamba mtu wao ni yule Zubeiri. Na Yona alikuwa na sababu. Bi Sabra, mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni asubuhi ile, akawaona wanywaji kahawa wa kila siku wakijihudumia: Bertha, Uweso, Noa na Zubeiri. Mwishoni Mzee Jumbe naye akala. Bi Sabra aliapa kwamba kila mmoja alichukua kashata. Watano walichukua, wanne wakaugua. Zubeiri alibaki mzima, hata kichefuchefu hakuona.

"Na zaidi ya hapo," Bi Sabra aliongeza kwa hasira iliyokuwa mbichi bado, "kuna mtu amenimwagia kahawa kwenye asumini yangu. Kikombe kizima! Nimeotesha ua lile tangu marehemu yuko hai."

*

Mheshimiwa Zubeiri alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, mnene kiasi, mcheshi kwa kawaida. Leo ucheshi ulikuwa umempotea.

"Tumbo langu gumu," alisema. "Tangu utotoni."

"Ulikula kashata?"

"Nilichukua."

"Sikuuliza ulichukua. Niliuliza ulikula."

Zubeiri alipangusa jasho. Yona alimkazia Zuleha macho, macho ya mtu aliyekwisha kuzitoa pingu mfukoni. Zuleha akamwambia akamwitie Bi Sabra, ingawa Bi Sabra alikuwa hahitajiki. Mlango ulipofungwa alivuta kiti karibu.

"Mheshimiwa, huu mwezi gani?"

"Februari."

"Siulizi mwezi wa ukutani."

Mbunge aliinamisha kichwa. "Shaabani."

"Umebakiwa na ngapi?"

Alitazama mlango kwanza, kisha dirisha, kisha akatoa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari. "Funga tatu. Ramadhani iliyopita nilisafiri sana, nikasema nitalipa. Mke wangu amelipa zake zote siku nyingi. Mimi kila wiki nasema wiki ijayo, mpaka Ramadhani nyingine hii hapa mlangoni. Sasa jana nimefunga, nimeketi barazani, Uweso ananimiminia kahawa. Ningesema nini? Nalipa? Mwezi huu wenye kulipa ni akina mama, Inspekta. Uweso angenitania mpaka Dodoma. Angenihutubia bungeni!"

Zuleha alitamani kucheka na kumhurumia kwa pamoja. "Kwa hiyo kahawa ukaimwaga kwenye asumini."

"Nitamnunulia Bi Sabra nyingine."

"Na kashata?"

Zubeiri alifungua sanduku lake, akatoa koti la jana, akatia mkono mfukoni. Kashata ilikuwa imeviringishwa katika karatasi laini, imevunjika pembe moja tu. Zuleha aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ya karanga.

Bi Kijakazi hakuwa mwongo. Zuleha alifurahi, lakini kazi ilikuwa bado. Kashata ile ilithibitisha kwamba kulikuwa na mkono mwingine. Haikusema mkono wa nani.

"Nani alikuona ukiitia mfukoni?"

"Mzee Jumbe peke yake. Alikuwa amekaa mkabala nami." Uso wa Zubeiri ulilainika. "Mzee yule nitamheshimu mpaka nife. Unajua yeye Jumatatu na Alhamisi hali kitu, miaka nenda miaka rudi, na kila mtu anajua. Jana alinitazama nikiificha. Alinitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ya kwake, akaila. Siku ya Alhamisi! Watu wote wakamgeukia yeye, mimi wakanisahau. Alivunja saumu yake kunisitiri. Nilitaka kulia, wallahi."

*

Vikombe vya kahawa vya Bi Sabra vilikuwa bado barazani. Zuleha alivipanga tisa juu ya meza, Yona akisimama pembeni kama mnunuzi asiye na haraka.

"Hawa wajumbe. Akidi ni sita. Sahani ina kashata za mbono, na wanywaji kahawa ni wanne. Mmoja kaificha mfukoni. Kwa hiyo wataugua wangapi?"

"Watatu."

Aliondoa vikombe vitatu. "Sasa wewe ni mtu unayetaka kura isipigwe. Jumatano ulimsikia Yasini akitangaza kwamba yeye na mwenzake watatoka. Wanabaki wangapi?"

Yona aliondoa viwili. "Wanne. Akidi imekufa."

"Una haja ya mgonjwa mwingine?"

"Sina. Nakaa zangu natulia."

"Haya. Virudishe hivyo viwili. Wewe sasa unajua kitu wasichokijua wengine, kwamba Yasini amekubali kukaa. Wameugua watatu. Wamebaki wangapi?"

Yona alihesabu kwa kidole, ingawa alikuwa ameshaviona. "Sita. Kikao kinaendelea." Kisha Zuleha akamwona akifika polepole kama kawaida yake. "Inatakiwa augue wa nne."

"Na wa nne hayupo, maana kashata yake iko mfukoni. Mwenye sahani amemwona. Afanye nini?"

Yona aliondoa kikombe kimoja, akakishika mkononi, hakukirudisha mezani.

"Waliojua mapatano ni watatu tu," Zuleha alisema. "Yasini na mwenyekiti hawakugusa kitu. Wa tatu alivunja saumu."

*

Mzee Suleimani Jumbe alikuwa amerudishwa kutoka hospitalini asubuhi, amekonda uso, sauti imekwaruzika. Kanzu ya Ijumaa ilikuwa imeshapigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Zuleha alimjulia hali, akamwuliza kama ameweza kula, akaketi. Alikuwa amejiandalia njia ndefu ya kuzunguka. Alipomwona mzee yule amejifunika shuka mpaka kifuani, aliona ni kumdhalilisha kumzungusha.

"Mzee, jana ilikuwa Alhamisi. Kwa nini ulikula?"

"Mwenye funga ya sunna akikaribishwa na mwenyeji, anaweza kuiacha. Hilo mwanangu unalijua."

"Nalijua. Nani alikukaribisha?"

Mzee alivuta shuka mpaka shingoni.

"Bi Kijakazi alikuwa jikoni," Zuleha aliendelea. "Bi Sabra alikuwa mlangoni na hakusema neno, alishangaa tu. Zubeiri anaamini ulikula ili kumsitiri. Ninayo kashata yake, mzee. Ni ya karanga, na mpishi alipika za nazi. Ulihitaji wanne, ukapata watatu. Ukajifanya wa nne."

Chini ukumbini mtu alikuwa akiburuta viti. Kisha Mzee Jumbe akacheka kidogo, kicheko kilichomuumiza tumbo.

"Ungekuwa karani mzuri wa Bunge. Watu siku hizi hawajui kuhesabu." Alijiinua akaegemea mto. "Unaijua Mwera?"

"Napita tu, nikienda Pangani."

"Basi unapita kwenye ardhi iliyookolewa na mkwamo. Zamani sana uliletwa mswada wa mashamba ya zamani ya mkonge. Apewe mtu mmoja, kuanzia barabarani mpaka baharini, na vijiji vyetu ndani yake kama mawe tu ya kuondolewa. Wengi waliutaka, tena upesi. Sisi tulikuwa wachache. Tukatoka ukumbini mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Magazeti yalituita watoro. Mswada ukafa, na watu wa Mwera wako kwao mpaka leo."

"Kisha wewe huyo huyo ukaandika kanuni ya kuwazuia watu kutoka."

"Kwa sababu nilizeeka nikaona upande wa pili! Nimeona zahanati haina dawa kwa kuwa waheshimiwa wamekasirika. Nimeona watu wanatoka kwa ajili ya posho, wanatoka kwa ajili ya cheo. Nikaandika kwa moyo safi. Jumapili nikaenda nyumbani kuwaeleza. Nikajisifu, nakwambia. Akasimama mwanamke mmoja akaniuliza: kanuni hii ingekuwepo mwaka ule, sisi leo tungekuwa wapi?" Alifumba macho. "Sikuwa na la kumjibu. Sina mpaka sasa. Kabla ya kurudi huku nikakusanya mbono kwenye ugo wa nyumba yangu mwenyewe, na kashata nikazipika kwa mikono yangu. Jana niliporudi msikitini nikaziondoa zile za mama, nikaweka hizo. Nilitaka muda wa kamati upite, basi."

"Jumapili jibu lilikushinda. Jumatano ukamkalisha Yasini asitoke."

"Jumatano nilikuwa nimerudi kwenye nia ya kuipitisha, kashata nizitupe. Usiku wake sikulala."

"Kwa nini hukusimama ukawaambia wenzako?"

"Kura zilikuwa saba kwa mbili. Ningehama mimi, sita kwa tatu."

"Sikukuuliza kwa nini hukushinda, mzee. Nimekuuliza kwa nini hukusema."

Mzee aliitazama kanzu iliyotundikwa mlangoni. "Ina jina langu," alisema mwishowe. "Niliona haya."

"Na mama?"

"Nilidhani watasema ni joto, chakula kimechacha. Sikufikiri watamkamata mtu."

"Nyumba yenye waheshimiwa tisa na mpishi mmoja, mzee. Ulidhani polisi tutamkamata nani?"

Zuleha alishangaa kusikia sauti yake imepanda. Alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Mzee alipokea hasira ile bila kujitetea, akateremsha miguu kitandani, akasimama kwa kushika ukuta, akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Basi twende. Sasa hivi. Mama atolewe."

Mikono ile ilikuwa ya mgonjwa, na Zuleha karibu amwonee huruma. Ndipo aliposikia sauti ya Mwenyekiti Khadija kutoka chini, akimwelekeza mtu viti viwekwe wapi. Viti sita. Kikao kilikuwa kimeitishwa tena, mara tu watu wakitoka Ijumaa. Watatu walikuwa bado hospitalini, na bila mzee huyu wangekuwa watano.

Alielewa kwa nini mikono ilinyooshwa upesi vile.

"Unatoka ukumbini, mzee," alisema taratibu. "Hata sasa unatoka."

Mzee Jumbe aliishusha mikono.

"Kaa kwenye kikao," Zuleha alimwambia. "Waeleze haya ya Mwera, kama ulivyonieleza mimi. Nitangoja mlangoni, na Koplo wangu. Kisha twende."

"Nimeshapiga hesabu. Mimi, Yasini na mwenzake, watatu. Khadija, Zubeiri na yule mjumbe wa Kigoma, watatu. Zikilingana, mwenyekiti ana kura ya uamuzi, naye ataipitisha. Nikienda nitasema ukweli, na bado nitashindwa."

"Watu hushindwa. Yasini alikuwa tayari."

"Yasini hana jina kwenye kanuni ile."

Zuleha alitoka varandani akampigia Afande Badru. Alimweleza yote kwa haraka. Aliomba saa mbili tu. Aliomba mama asipelekwe mahakamani mpaka kikao kiishe. Badru alisikiliza mpaka mwisho, na hilo kwake lilikuwa heshima kubwa.

"Unaniambia amekiri, na bado hajawa mikononi mwako?"

"Yuko chumbani kwake, afande. Hana pa kukimbilia."

"Zuleha, mimi siongozi Bunge, naongoza mahabusu. Nina mama hapa na nina gari la mahakama nje. Nitakayebadilishana naye yuko wapi?"

Simu ilikatika. Alibaki ameegemea nguzo. Upande mmoja kulikuwa na dawa za zahanati na mishahara ya wauguzi, na watu wasio na idadi ambao hatawajua kwa majina. Upande wa pili mwanamke mmoja wa Makorora na picha moja ya kizimbani ambayo isingefutika. Aliwaza kama mtu mwingine, mwenye akili kubwa kuliko yake, angepata njia ya tatu. Yeye hakuipata. Adhana ya kwanza ilianza, na alijua kwamba kila dakika anayosimama pale anampunguzia mama, hamwongezei mtu yeyote.

Alirudi chumbani. "Vaa kanzu yako, mzee. Tunakwenda."

*

Simu ya Khadija iliwakuta njiani. Zuleha aliipokea, akasikiliza, akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa. Natambua. Watano hawatoshi." Kisha akaizima. Nyuma, Mzee Jumbe alikuwa amekaa kando ya Yona bila pingu, kanzu yake safi, na usoni mwake mlikuwa na utulivu uliomchukiza Zuleha kuliko uwongo wowote aliousikia siku hiyo. Alikuwa amepata alichokitaka. Hakupiga kelele, hakutamba, lakini alikuwa amekipata.

Waandishi walikuwa wamejazana mbele, kwa hiyo waliingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye korido Afande Badru alimtazama mzee, akamtambua, akamfanyia askari wa zamu ishara ya funguo.

Bi Kijakazi alitoka akijifunga kanga upya, hajui bado kinachomtoa. Alipomwona Mzee Jumbe alisimama ghafla, akaweka mkono kifuani. Kisha uso wote ukamfunguka.

"Alhamdulillahi! Baba, u mzima?" Alimsogelea, akainama kidogo kama mwanamke wa pwani anavyoinama kwa mzazi. "Shikamoo, baba. Usiku kucha nilikuwa nakuombea dua, wewe na wenzio. Nikisema, mzee wa watu, mwenye kunisifia mchuzi wangu, leo ameumizwa na chakula cha mkono wangu. Na mwili haujakaa sawa, umetoka kitandani umekuja kunitolea ushahidi! Mungu akulipe."

Miaka thelathini mtu huyu alikuwa amejibu maswali ya mawaziri na ya maspika, na hakuna aliyewahi kumkuta bila neno. Sasa alimtazama Bi Kijakazi, midomo ikacheza, na salamu ile ikabaki hewani haina mpokeaji. Utulivu wote wa njiani ulikuwa umemtoka usoni.

"Shikamoo, baba," Bi Kijakazi alirudia, kwa sauti ya juu kidogo, akidhani labda maradhi yamemziba masikio.

Mzee Jumbe alimgeukia Zuleha. Macho yake yalikuwa yanaomba aondolewe pale, aingizwe popote, hata mahabusu. Zuleha alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja. Aliusukuma ukajifunga, akaegemea ukuta.

"Mama anakusalimu, mzee," alisema. "Hapa hutoki mpaka umjibu."